Maswali ya Wasomaji: Gari la Kale na Unyevu wa Majira ya Baridi

Swali: Ndugu Mhariri, ninalo gari dogo la michezo la miaka ya 1960 ambalo hulilaza bandani kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa tatu. Banda lina kuta za matofali, sakafu ya zege na paa lisilovuja hata tone. Nilipolifungua mwaka huu nilikuta boneti imelowa kana kwamba imenyeshewa, diski za breki zimeshika kutu, na kuvu la kijivu limetanda kwenye mikanda na pembeni mwa viti. Maji hayo yalipita wapi, na nifanye nini kabla ya kulilaza tena?

Jibu: Ndugu msomaji, maji hayo yaliingia yakiwa mvuke uliomo hewani, yakageuka matone palepale juu ya bati la gari lako. Hewa hubeba mvuke kwa kadiri ya joto lake: mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji, ile ya nyuzi 10 hubeba gramu 9 na ushei, na ile ya nyuzi 0 haifikishi hata gramu 5. Hewa yenye joto inapogusa kitu kilichopoa hupungukiwa uwezo huo ghafla, na kile isichoweza kukibeba tena hubaki juu ya kitu hicho, kama bilauri ya maji ya barafu inavyotoa jasho mezani.

Wengi hudhani kwamba usiku wa baridi kali ndio wenye madhara, kumbe hatari kubwa huja siku baridi inapolegea. Gari ni chuma kizito ambacho hupoa polepole na kupata joto polepole. Baada ya wiki nzima ya barafu, injini, giaboksi na bodi huweza kubaki kwenye nyuzi 2 au 3 ilhali upepo wa mvua umekwisha kupandisha joto la nje hadi nyuzi 10. Hewa ya nyuzi 10 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye joto lililo chini ya nyuzi 8 hivi. Mwenye gari huona siku imekuwa nzuri, akafungua milango ya banda ili hewa ipite, na kwa kufanya hivyo akaliogesha gari lake mwenyewe. Siku ya baridi kavu mambo huwa kinyume chake, kwa sababu hewa ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 80, ikiingia bandani na kupata joto la nyuzi 8, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 50 na ikaanza kukausha kila inachokigusa. Basi fungua milango siku za baridi kavu, na uifunge siku za vuguvugu na mvua. Hatua hii haigharimu chochote, nayo huzuia nusu ya matatizo ninayoandikiwa.

Chanzo cha pili kiko chini ya magurudumu. Zege huonekana gumu na kavu, lakini lina vinyweleo vinavyovuta maji ya ardhini kwenda juu, na sakafu nyingi za mabanda ya zamani zilimwagwa bila kutandikwa nailoni chini yake. Kuna jaribio rahisi: chukua kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi kuzunguka kingo zote, ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikifunua na kukuta matone upande wa chini, au zege limekoza rangi, sakafu yako inapumulia unyevu moja kwa moja kwenye tumbo la gari. Tiba ya kudumu ni kuipaka sakafu rangi ya epoksi iliyokusudiwa kazi hiyo; tiba ya majira haya ni kutandika nailoni nene eneo lote, ikapita kingo za gari kwa kiasi cha hatua moja, kisha kuweka mbao nyembamba au mikeka ya mpira juu yake mahali magurudumu yatakapokaa.

Baada ya hapo nunua kipimo cha unyevu kinachoonyesha pia joto, ukitundike karibu na gari kwa kimo cha boneti, mbali na mlango. Bila kipimo utakuwa unabahatisha. Chuma kilicho wazi hushika kutu kwa kasi unyevu ukipita asilimia 60, na kuvu hustawi unyevu ukidumu juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi. Lenga asilimia 50, na usibabaike kipimo kikipanda au kushuka kidogo. Wapo wanaodhani kwamba ukavu zaidi ni usalama zaidi, wakakausha hadi asilimia 30. Kwa gari lenye dashibodi ya mbao, viti vya ngozi na mipira ya madirisha ya miaka hiyo, huo ni uharibifu wa namna nyingine, maana mbao hupasuka, ngozi hukakamaa na gundi huachia. Usishuke chini ya 40.

Ikiwa milango na nailoni havitoshi kushusha kipimo, utahitaji mashine ya kuondoa unyevu, na hapa wanunuzi wengi hukosea. Mashine ya kompresa, inayofanya kazi kwa njia ya friji, hupoza koili ili mvuke ugeuke maji juu yake. Banda lisilo na joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, koili hiyo hushika barafu na mashine hutumia muda wake mwingi kuiyeyusha. Aina ya pili huwa na gurudumu lililopakwa kemikali inayonyonya unyevu, nayo hufanya kazi hata joto linapokaribia nyuzi 0, ingawa hula umeme mwingi zaidi kwa kila saa. Kwa banda lako chagua hii ya pili bila kusita. Ifunge kwenye mfereji unaopeleka maji nje, kwa kuwa mashine inayotegemea ndoo huzimika ndoo ikijaa, na kwa kawaida hujaa wiki ambayo hakuna mtu aliyepita kuangalia. Kumbuka pia kwamba mashine ikiwa inafanya kazi, banda libaki limefungwa na mianya ya milango izibwe, vinginevyo utakuwa unajaribu kukausha dunia nzima.

Sasa gari lenyewe. Lioshe siku chache kabla ya kulilaza, na usiishie pale panapoonekana: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya sakafu na nyuma ya bampa ndiko chumvi ya barabarani na matope hukaa, na matope yenye chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata mahali pakavu. Pitisha waya laini kwenye matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na chini ya vizingiti, kwani tundu moja lililozibwa na majani huacha maji ndani ya bati kwa miezi mitano. Kisha liendeshe kwenye barabara kavu hadi injini, breki na bomba la moshi vipate moto kabisa, uliingize bandani, na uliache wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kulifunika. Gari lililofunikwa likiwa bado na maji kwenye viungo vya bodi litakuwa limefungiwa pamoja na adui yake. Paka waksi kwenye rangi na kromu, na ndani ya vizingiti na milango mwombe fundi anyunyize nta maalumu ya matundu, ambayo hutambaa hadi kwenye viungo vya bati. Kutu ya magari ya enzi hizo huanzia humo ndani, na unapoiona nje imekwisha kula.

Toa mikeka ya miguu, na zulia pia kama linatoka, ukazihifadhi ndani ya nyumba. Fungua madirisha kwa upana wa kidole kimoja ili hewa ya ndani isitulie, ukijua kwamba mwanya huo unatosha panya kupita. Kama banda lina panya, ziba kwa wavu mwembamba wa waya. Achia hendibreki na uweke vizuizi vya mbao kwenye magurudumu, kwa sababu pedi na diski, au breki shuu na dramu, vikikaa vimebanana kwenye unyevu hugandana kwa kutu. Klachi nayo hugandana na flaiwili, yaani gurudumu zito la injini inalolishika, kwa namna hiyo hiyo. Baadhi ya mafundi huikandamiza pedali kwa kipande cha mbao majira yote. Njia hiyo hufanya kazi, lakini huacha springi na mipira ya haidroli chini ya mkazo kwa muda mrefu, kwa hiyo mimi huona ni afadhali kuikanyaga pedali mara kadhaa kila unapokwenda kusoma kipimo. Betri itolewe na iunganishwe na chaja ndogo inayojizima yenyewe, kwani betri iliyoisha chaji hugandishwa na baridi ambayo betri iliyojaa haiitambui.

Swali: Rafiki yangu huwasha gari lake la kale kila Jumapili kwa dakika kumi ili, kama asemavyo, injini isilale. Je, nimuige?

Jibu: La. Petroli ikiungua, hidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewa na kuwa maji, na lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji. Injini ikiwa ya moto na gari likiwa safarini, maji hayo hutoka nje kama mvuke na hakuna anayeyatambua. Injini ikiwa baridi, sehemu yake hutulia ndani ya bomba la moshi na kulila kutoka ndani, na sehemu nyingine hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili, ambako huchanganyika na mabaki ya mwako na kuzaa asidi. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa, hayo ndiyo matunda ya dakika kumi za kila Jumapili. Zaidi ya hayo, mshale wa joto la maji hupanda mapema kuliko oili inavyopata moto, na kwa sababu hiyo rafiki yako huzima injini akidhani imekwisha kuwa ya moto.

Chagua moja kati ya mawili. Ama liendeshe gari barabarani kwa nusu saa au zaidi, siku kavu isiyo na chumvi barabarani, ama uliache lilale kabisa. Ukiamua lilale, badilisha oili na chujio lake kabla ya kulilaza, maana oili iliyotumika tayari ina maji na asidi ambazo zingekaa juu ya beringi na shafti majira yote. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi katika kila silinda, zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa ili oili itambae ukutani, kisha rudisha plagi. Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa chenye oili, na ufunge kipande cha karatasi kwenye usukani kinachokukumbusha kukitoa.

Swali: Nina jiko la mafuta ya taa ambalo hupasha banda joto vizuri sana, lakini kila ninapoliwasha madirisha ya gari hutiririka maji. Je, gari langu lina tatizo?

Jibu: Gari lako halina tatizo; tatizo ni jiko. Yale niliyomweleza msomaji aliyetangulia kuhusu petroli ni yale yale kwa mafuta ya taa, ambayo hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa kila lita inayoungua, na gesi ya mitungi ni zaidi, kwa kuwa kilo moja ya propani hutoa kilo moja na nusu ya maji na ushei. Jiko lisilo na bomba la kupeleka moshi nje huyamwaga maji hayo yote ndani ya banda, tena kwenye hewa iliyopata joto ikaweza kuyabeba hadi kwenye bati baridi. Sijataja bado hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi, wala mvuke wa petroli unaoweza kushika moto. Litoe leo.

Joto lenyewe si baya likiwa la umeme na likiwa dogo lisilobadilika. Hita ya umeme yenye oili ndani, iliyowekwa kushikilia nyuzi 8 au 10 usiku na mchana, hulifanya gari libaki na joto kupita kiwango ambacho mvuke hugeuka maji. Kinachodhuru ni kupasha joto kwa saa mbili jioni unapofanya kazi, kisha kuzima na kwenda kulala.

Swali: Nimeshauriwa nilifunike gari kwa turubai la nailoni, na mwingine ameniambia ninunue puto la plastiki linalojazwa hewa kwa feni. Plastiki si plastiki tu?

Jibu: Swali lako ni la haki, lakini vitu hivyo viwili hufanya kazi kinyume. Turubai la nailoni hulala juu ya rangi na kuzuia mvuke usitoke. Unyevu unaopanda kutoka sakafuni hugota chini yake, na ukalikuta gari limevimba vipele kwenye rangi au limepata madoa meupe yasiyong'oka. Sipendekezi turubai kwa hali yoyote ndani ya banda. Puto husimama mbali na bodi, lina sakafu yake yenyewe inayolitenga gari na zege, na feni husukuma hewa ndani bila kukoma hivi kwamba hakuna kona inayotulia. Udhaifu wake ni kwamba hewa hiyo hutoka bandani: puto haliikaushi, huizungusha tu, na kama banda linasoma asilimia 85 basi gari nalo limo katika asilimia 85, ingawa mzunguko huo huliwezesha bati kufuata joto la banda na hivyo kupunguza matone. Umeme ukikatika, puto hulala juu ya gari na kuwa turubai. Kama banda lako limekwisha kukaushwa kwa namna nilizoeleza hapo juu, kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa, chenye upande laini wa ndani, kinatosha kuzuia vumbi.

Swali: Tangi la mafuta lijazwe au liachwe tupu? Na mafuta ya breki yana uhusiano wowote na unyevu?

Jibu: Kwa tangi la chuma, lijaze na uache nafasi kidogo ya mafuta kutanuka, kwa sababu sehemu ya juu isiyo na petroli ndiyo hushika matone na kutu. Tafuta petroli isiyo na etanoli, au yenye etanoli kidogo kadiri inavyopatikana, kwani etanoli hunyonya maji, na yakizidi hujitenga pamoja nayo na kuzama chini ya tangi, mahali ambapo mafuta huanza kuvutwa kwenda kwenye kabureta. Tia dawa ya kuhifadhi petroli kabla ya safari ya mwisho ili ifike hadi kwenye kabureta.

Mafuta ya breki yana uhusiano mkubwa. Aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu kupitia kifuniko na mipira. Kwa viwango vinavyotakiwa, DOT 4 mpya isichemke kabla ya nyuzi 230, lakini ikishakuwa na maji ya asilimia 3.7 inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 155. Dereva huogopa kuchemka huko. Mwenye gari linalolala aogope zaidi kutu inayotoboa silinda za breki gari likiwa limesimama. Badilisha kila miaka miwili, na ufanye hivyo kabla ya majira ya baridi badala ya kungoja yaishe. Kama gari limejazwa DOT 5, ambayo ni ya silikoni, hiyo hainyonyi maji, bali maji yakiingia hukusanyika sehemu za chini za mfumo, na kamwe isichanganywe na hizo nyingine.

Swali: Vikopo vya kunyonya unyevu vinavyouzwa kwa ajili ya makabati vinafaa ndani ya gari?

Jibu: Vingi kati ya hivyo vina kloridi ya kalisi, ambayo kadiri inavyonyonya ndivyo inavyogeuka kuwa maji ya chumvi. Kikopo kikipinduka juu ya sakafu ya gari, umemwaga chumvi mahali ulipokuwa unapalinda. Tumia mifuko ya silika jeli, ambayo hubaki kavu mkononi na huweza kukaushwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 120 hivi, kama mfuko wenyewe unastahimili moto huo. Lakini usiitegemee madirisha yakiwa wazi, kwani itashiba ndani ya siku chache. Kazi yake ni sehemu zinazofungika, kama buti na kisanduku cha dashibodi.

Swali: Gari langu ni la kukunjwa paa, na paa ni la turubai. Lilale likiwa limekunjwa, ili lisikaze?

Jibu: Liache limefunguliwa na kukazwa kama vile mvua inanyesha. Turubai lililokunjwa huficha unyevu katika mikunjo yake, na ukungu unaoota humo huacha madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Mbali na hayo, kitambaa husinyaa kwenye baridi na unaweza ukashindwa kulifikisha paa kwenye vishikizo vyake. Likaushe kabisa kwanza, hasa mshono wa nyuma ya dirisha, na mipira inayogusana na kioo uipake silikoni ili isigandane. Ikiwa ukungu umekwisha kuanza, usiusugue ukiwa umelowa. Liache likauke, lisukume nje siku kavu, upige mswaki laini huko huko nje ili mbegu zake zisirudi kwenye viti, kisha ndipo uoshe kwa sabuni maalumu ya turubai na kulikausha upya.